Folda ya Ofisini Inadai Nenosiri Kila Ukiigusa: Mwongozo Kamili wa Kuitatua

Kila wiki natumiwa WhatsApp picha ya dirisha lilelile. Juu limeandikwa "Enter network credentials", chini yake kuna nafasi mbili za kujaza, na ujumbe unaoambatana nalo haubadiliki sana: "Fundi, jana folda ilikuwa inafunguka, leo inadai paswedi. Nimeweka ya kwangu, inakataa."

Ninaowahudumia ni ofisi ndogo za Arusha na Moshi: watu wa safari za mbugani, wahasibu, maduka ya stationery. Wengi wakinipigia huwa wameshajaribu dawa ya mtaani, yaani kuzima ulinzi wa nenosiri na kuifungulia folda dunia nzima. Dawa hiyo hutuliza kwa muda, kisha dirisha linarudi, na safari hii orodha ya mishahara inasomeka na yeyote aliyepewa nenosiri la Wi-Fi. Naomba usifike huko. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usiruke hata ile unayoona ni ya kitoto. Hatua ya kwanza peke yake imeshanimalizia kazi mara nyingi.

Mwongozo huu ni wa ofisi yenye kompyuta chache za Windows 10 au 11 zisizo na seva ya domeni, yaani kompyuta kuu inayosimamia akaunti za zote. Maneno ya kwenye skrini nimeyaacha kama yalivyo ili uyatambue ukiyaona.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta zote mbili zikiwa zimewashwa: ile yenye folda na ile inayokataliwa.
- Akaunti ya admin (msimamizi) kwenye ile yenye folda. Bila hiyo utakwama hatua ya 3.
- Kalamu na karatasi. Utaandika majina ya mashine, anwani za IP (namba za mashine kwenye mtandao) na namba za makosa.
- Ruhusa ya mwenye ofisi, kwa sababu utaamua nani aone nini.
- Saa moja isiyo na haraka. Usianze tarehe 20 jioni mhasibu akiwa anahangaika na ritani ya VAT.

Katika mifano yangu, kompyuta yenye folda inaitwa OFISI-KUU, folda yenyewe inaitwa Hesabu, na kompyuta inayokataliwa inaitwa MAPOKEZI. OFISI-KUU nitaiita mwenyeji, MAPOKEZI nitaiita mgeni. Wewe weka majina yako.

## Kabla ya kugusa chochote: dirisha linauliza nini?

Hapa ndipo karibu kila mtu anapotelea. Ukiona dirisha linadai nenosiri, unadhani linadai lako. Hapana. Linadai jina na nenosiri la akaunti iliyoko kwenye kompyuta ya mwenyeji. Kuweka lako ni sawa na kufika nyumba ya Njiro na ufunguo wa nyumba ya Sakina: ufunguo ni mzima, ila mlango si wake.

Unapofungua folda ya mbali, Windows ya mgeni hutuma kimyakimya jina na nenosiri ulilofungulia kompyuta yako asubuhi, au lile lililowahi kuhifadhiwa. Mwenyeji akiwa na akaunti yenye jina hilo na nenosiri hilohilo, unaingia bila kuona kitu. Ndiyo maana folda ilikuwa "inafunguka tu". Haikuwa wazi, nywila mbili zilikuwa zinafanana. Siku mtu anapobadilisha moja, au akaunti inapoisha muda, au anwani inapohamia mashine nyingine, ule ukimya unavunjika na dirisha linatokea.

Mwezi wa sita mwaka fulani, ofisi moja ya safari karibu na Mnara wa Saa, nilimkuta dada wa mapokezi anajaza tarakimu nne, anabonyeza OK, dirisha linarudi, anajaza tena.

"Dada, hiyo namba ni ya nini?"

"Si ndiyo ninayofungulia kompyuta, kaka?"

Ilikuwa PIN yake. PIN ya Windows inaishi ndani ya kompyuta ileile ilikowekwa na haivuki mtandao kwenda kufungua folda ya mashine nyingine. Angeijaza mpaka jioni. Vivyo hivyo alama ya kidole na uso: vinafungua kompyuta yako tu.

## Hatua ya 1: Hakikisha unagonga mlango sahihi

Nenda kwa mwenyeji. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, kisha Enter. Kwenye kisanduku cheusi andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

`hostname`

`ipconfig`

Ya kwanza inakupa jina la kompyuta. Ya pili inakupa anwani kwenye mstari wa "IPv4 Address", kwa mfano 192.168.1.20. Andika vyote kwenye karatasi.

Sasa rudi kwa mgeni, usome dirisha linalodai nenosiri. Mbele ya maneno "Enter your credentials to connect to" pana jina au namba. Je, inalingana na uliyoandika?

Sababu. Ruta hugawa anwani zenyewe, na umeme ukikatika usiku na kurudi, mashine zinaweza kupangiwa namba mpya. Niliwahi kuitwa Moshi kwenye ofisi ambayo njia za mkato zote zilielekea 192.168.1.20. Usiku umeme ulikatika, asubuhi wa kwanza kuwasha akawa bosi mwenye laptop, na ruta ikampa yeye ile 20. Wafanyakazi wakashinda wakibisha kwenye laptop ya bosi, nayo kwa haki kabisa ikawauliza wao ni nani. Mhasibu alikuwa ameshabadilisha nenosiri mara tatu kwenye kompyuta ambayo haikuhusika hata kidogo.

La kufanya. Tumia jina badala ya namba: andika `\\OFISI-KUU` kwenye sehemu ya anwani ya File Explorer. Kama kuna kifaa kinacholazimisha namba, ingia kwenye ruta uifungie kompyuta ya mwenyeji anwani yake isihame. Ruta nyingi huiita sehemu hiyo "Address Reservation".

Onyo. Usianze kuchomoa kebo wala kuizima na kuiwasha ruta. Dirisha lenyewe ni ushahidi kwamba umefika kwenye kompyuta fulani na imekujibu. Mtandao ungekuwa umekatika, ungeambiwa njia haionekani, usingeulizwa nenosiri.

Ukifaulu: jina lililo kwenye dirisha ndilo jina ulilolisoma kwa mwenyeji, herufi kwa herufi.

## Hatua ya 2: Futa kumbukumbu za zamani kwa mgeni

Mtu akiweka tiki kwenye "Remember my credentials" na nenosiri baadaye likabadilika, Windows inaendelea kutuma lile la zamani. Mbaya zaidi, hutunza kumbukumbu kwa jina la unakokwenda. Kwake yeye `\\OFISI-KUU` na `\\192.168.1.20` ni sehemu mbili tofauti, hata kama ni mashine moja. Ndiyo maana unaweza kukuta njia ya mkato moja inafunguka na nyingine inagoma.

Funga kwanza mafaili yote yaliyofunguliwa kutoka kwenye folda ya mbali, Excel kwanza. Amri inayofuata inakata miunganisho, na kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea.

Fungua `cmd` ya kawaida. Usichague "Run as administrator" hapa, kwa sababu miunganisho ya admin na ya mtumiaji wa kawaida hutunzwa mbalimbali. Utasafisha kwa mmoja uache uchafu kwa mwingine. Andika:

`net use`

Utaona orodha ya miunganisho iliyopo. Iandike kwenye karatasi ujue herufi zipi za diski (kama H:) zilikuwa zinatumika, kisha ifute yote:

`net use * /delete`

Jibu Y. Halafu angalia nywila zilizohifadhiwa:

`cmdkey /list`

Tafuta mistari yenye jina la mwenyeji au anwani yake, ya sasa na za zamani. Futa mmoja mmoja:

`cmdkey /delete:OFISI-KUU`

`cmdkey /delete:192.168.1.20`

Kama amri zinakutisha, kazi hiyohiyo inafanyika kwenye Control Panel, sehemu ya Credential Manager, upande wa Windows Credentials.

Onyo. Usifute yenye maneno MicrosoftAccount wala yanayohusu Office. Hayana kosa, na ukiyafuta mwenye kompyuta atalazimika kuingia upya kwenye barua pepe na Word zake.

Mwishowe toka kabisa kwenye akaunti, yaani "Sign out", kisha ingia tena. Kuna miunganisho inayobaki kimya mpaka utoke.

Ukifaulu: `net use` inajibu "There are no entries in the list."

## Hatua ya 3: Tengeneza akaunti ya folda kwa mwenyeji

Unaweza kuhangaika kutafuta nenosiri la akaunti ya mhasibu. Mimi siku hizi sihangaiki. Natengeneza akaunti moja kwa kazi hii tu, isiyo na barua pepe, isiyo na PIN, na isiyo na uadmin. Sababu ni tatu.

Kwanza, akaunti isiyo na nenosiri haikubaliki kupitia mtandao. Windows kwa kawaida huiruhusu pale mtu alipokaa mbele ya kompyuta yenyewe tu. Wengi wanadhani kuacha nenosiri wazi kutarahisisha mambo, kumbe ndiko kunakofunga mlango.

Pili, akaunti ya Microsoft inachanganya. Jina linaloonekana kwenye skrini si jina linalotakiwa kujazwa. Ukilazimika kuitumia, jina huandikwa `MicrosoftAccount\` likifuatiwa na barua pepe nzima, na nenosiri ni la barua pepe hiyo.

Tatu, mhasibu akibadilisha nenosiri lake kesho, ofisi nzima isikwame.

Kwa mwenyeji, fungua `cmd` kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator". Andika:

`net user hazina * /add`

Utaulizwa nenosiri mara mbili. Herufi hazionekani unapoandika, hata nyota hazitokei. Kibodi ni nzima, endelea. Chagua maneno matatu yasiyohusiana na namba katikati, kitu ambacho mtu wa ofisini anaweza kukikumbuka bila kukibandika kwenye skrini. Likizidi herufi 14, Windows inaweza kukuuliza habari za kompyuta za kabla ya Windows 2000. Jibu Y.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Akaunti iliyotengenezwa kwa amri hii huwa na nenosiri linaloisha muda, na muda wa kawaida wa Windows ni siku 42. Yaani fundi anatengeneza leo, kila mtu anafurahi, na baada ya wiki sita dirisha linarudi bila mtu kugusa kitu. Nimeona watu wakihisi kuna mchawi ofisini. Fungua PowerShell (kisanduku kingine cha amri cha Windows) kama admin, uandike:

`Set-LocalUser -Name hazina -PasswordNeverExpires $true`

Kisha kagua:

`net user hazina`

Ukifaulu: mstari wa "Account active" unasema Yes, na wa "Password expires" unasema Never.

## Hatua ya 4: Fungua milango yote miwili ya folda

Folda ya pamoja ina milango miwili, na kila mmoja una mlinzi wake. Wa kwanza ni wa mtandao, kichupo cha Sharing. Wa pili ni wa diski yenyewe, kichupo cha Security. Wakitofautiana, anayeshinda ni mkali zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka ruhusa zote kwenye Sharing na bado akakataliwa.

Kama folda iko kwenye Desktop au Documents ya mtu, ihamishe kwanza. Sehemu hizo Windows imezifunga kwa ajili ya mwenyewe. Iweke mahali pa wazi kama `C:\Hesabu`.

Bofya kulia kwenye folda, chagua Properties, kisha Sharing, kisha "Advanced Sharing". Weka tiki kwenye "Share this folder". Bonyeza Permissions, ondoa Everyone, ongeza hazina, mpe Change. Rudi, nenda Security, bonyeza Edit, ongeza hazina, mpe Modify.

Onyo. Usishirikishe diski C nzima kwa sababu tu ni rahisi. Na ile "Password protected sharing" iache imewashwa. Ukiizima, watu wataingia kama akaunti ya Guest, yaani ya mtu yeyote asiyejitambulisha, na hapo unajitengenezea tatizo jingine nitakalolieleza hatua ya 7.

Ukifaulu: hazina anaonekana kwenye orodha zote mbili.

## Hatua ya 5: Jaribu kwa amri, usijaribu kwa dirisha

Dirisha la Windows halisemi ukweli wote. Karibu kila kosa hulijibu kwa kukuuliza tena. Amri ya `net use` inakupa namba ya kosa, na namba hiyo ndiyo inayoonyesha pa kwenda. Kwa mgeni, kwenye `cmd` ya kawaida:

`net use \\OFISI-KUU\Hesabu /user:OFISI-KUU\hazina *`

Zingatia ile `OFISI-KUU\` kabla ya hazina. Bila hiyo, Windows inaweza kudhani unamtaja hazina wa kompyuta ya mgeni, ambaye hayupo. Hata kwenye dirisha jaza hivyohivyo: jina la mwenyeji, mkwaju unaoegemea nyuma (`\`), jina la akaunti.

Ukijibiwa "The command completed successfully", nenda hatua ya 6. La sivyo soma namba:

- 53: mwenyeji haonekani. Amezimwa, amelala, jina limekosewa, au ukuta wa moto (firewall) umefunga. Kwa mwenyeji hakikisha Wi-Fi au kebo imewekwa kuwa "Private network", siyo "Public".
- 67: mwenyeji ameonekana, jina la folda ndilo limekosewa.
- 86 au 1326: jina au nenosiri si sahihi. Andika upya taratibu, uangalie Caps Lock.
- 1219: bado kuna muunganisho wa zamani kwa mwenyeji huyohuyo kwa jina jingine. Windows haikubali majina mawili kwa mwenyeji mmoja kwa wakati mmoja. Rudi hatua ya 2, na safari hii usisahau kutoka kwenye akaunti.
- 1331: akaunti imezimwa. 1330 au 2242: nenosiri limeisha muda, soma tena habari ya siku 42.
- 1909: akaunti imefungwa kwa kukosea mara nyingi.
- 5: hili ni suala la milango ya folda. Jina na nenosiri vimekubaliwa, ila ruhusa za folda hazitoshi. Acha kabisa kubadilisha nenosiri. Rudi hatua ya 4.

Namba 1909 inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu inadanganya. Windows 11 tangu toleo la 22H2, ikiwekwa upya, hufunga akaunti kwa dakika 10 baada ya kukosea mara 10. Katika dakika hizo hata nenosiri sahihi linakataliwa. Mtu anaona limekataliwa, anadhani amekosea, anaendelea kujaribu.

Na si lazima awe mtu. Kwenye ofisi moja ya uhasibu akaunti ilikuwa ikijifunga kila asubuhi. Nilikaa pale saa nzima nikiangalia watu wanavyofanya kazi. Kila kijana wa mafaili alipoweka karatasi kwenye mashine ya fotokopi na kubonyeza skani, mashine ililia mara mbili, naye akabonyeza tena, na tena. Ilikuwa inapeleka picha kwenye folda ileile ikitumia nenosiri la mwaka uliopita. Mashine hiyo ikibisha mara kumi, watu wote wanafungiwa nje. Kama ofisini kwenu fotokopi inaskani kwenda kwenye folda, itengenezee akaunti yake, iite skani, na usiichanganye na ya watu.

## Hatua ya 6: Hifadhi nenosiri ili lisiulizwe tena

Jaribio la hatua ya 5 halihifadhi kitu. Ukiishia pale, kesho asubuhi dirisha litarudi na utadhani umeshindwa. Kwa mgeni futa muunganisho wa majaribio, kisha hifadhi:

`net use * /delete`

`cmdkey /add:OFISI-KUU /user:OFISI-KUU\hazina /pass`

Utaulizwa nenosiri. Baada ya hapo ipe folda herufi ya kudumu:

`net use H: \\OFISI-KUU\Hesabu /persistent:yes`

Usiliandike nenosiri ndani ya amri yenyewe wala kwenye faili la kuwashia kompyuta, kama nilivyokuta mahali pengi. Yeyote atakayefungua faili hilo atalisoma.

Futa njia za mkato za zamani zilizotumia namba, uwatengenezee watu mpya kutoka H:. Ukiziacha, kuna atakayebofya ile ya zamani na kukuita tena.

Ukifaulu: H: inafunguka moja kwa moja bila kuuliza.

## Hatua ya 7: Kila kitu ni sahihi, na bado inauliza

Hapa wanafika wachache. Angalia haya kwa zamu.

Tarehe. Betri ndogo ya bodi ikifa, kompyuta ya mezani huamka ikidhani ni miaka ya nyuma. Tofauti kubwa ya saa kati ya mashine mbili hukwamisha uthibitisho wa nenosiri, na kwenye mtandao wenye domeni hata zaidi ya dakika 5 ni tatizo. Rekebisha saa kwenye zote mbili. Ikirudi nyuma tena kesho, badilisha betri. Nyingi ni CR2032.

Windows 11 toleo la 24H2 na kifaa cha zamani. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi zilizonunua mashine mpya zimegundua kuwa ndizo zinazogoma huku za zamani zikiingia. Toleo la 24H2 la Pro linadai mawasiliano yenye saini ya usalama, na linakataa kuingizwa kimya kama Guest. Namba 1272 ndiyo alama ya kukataliwa kwa Guest. Kama folda iko kwenye kisanduku cha kuhifadhia mafaili cha mtandao, kisasishe programu yake ya ndani, kisha ukitengenezee jina na nenosiri kama tulivyofanya hatua ya 3. Utakuta ushauri wa kulegeza ulinzi wa Windows au kuirudisha SMB1, njia ya kizamani ya kushirikishana mafaili. Usikubali. SMB1 ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, na Windows 10 mpya zimekuja bila hiyo tangu toleo la 1709.

Kompyuta mapacha. Hili ni jipya, na kwetu linagusa wengi kwa sababu tunanunua mashine za mtumba kwa mafungu. Fundi huweka Windows kwenye moja, kisha hunakili diski kwenda kwa nyingine zote. Kila Windows ina kitambulisho chake cha ndani, na zilizonakiliwa bila kutayarishwa hubaki na kimoja. Zamani haikuonekana. Tangu masasisho ya mwisho wa Agosti 2025, Windows 11 za 24H2 na 25H2 hukagua, na zikikutana mapacha hukataliana: jina sahihi, nenosiri sahihi, dirisha linarudi palepale.

Kupima ni rahisi. Kwenye kila kompyuta andika:

`whoami /user`

Utapata mfuatano mrefu unaoanza S-1-5-21. Achana na tarakimu za mwisho baada ya kistari cha mwisho, ulinganishe zilizobaki. Zikifanana kwenye mashine mbili, hizo ni mapacha. Kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows), upande wa System, huambatana na tukio namba 6167 kutoka LsaSrv. Dawa ya uhakika ni kuhamisha mafaili ya mtu na kuweka Windows upya kwenye mmoja wao. Programu za mtandaoni zinazodai kubadilisha kitambulisho bila kuweka upya, usiziguse kwenye kompyuta yenye kazi ya ofisi.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwa macho yako

Kwa mgeni fungua faili moja kutoka H:, andika neno, hifadhi. Kisha kwa mwenyeji, kwenye `cmd` ya admin:

`net session`

Utaona anwani ya mgeni na jina la mtumiaji pembeni yake. Liwe hazina. Ukiona Guest au jina la mtu, kuna kumbukumbu ya zamani iliyobaki hatua ya 2.

Zima kompyuta zote mbili. Washa mwenyeji kwanza. Si lazima mtu aingie kwenye akaunti. Ikifika tu kwenye skrini ya kuingilia, folda inapatikana. Kwenye mpangilio wa umeme mwondolee usingizi wa saa za kazi. Sasa washa mgeni, ingia, ufungue H:. Alama nyekundu juu ya H: dakika ya kwanza isikutishe, bofya mara mbili, ikifunguka bila dirisha umemaliza.

Rudia hatua ya 2, 5 na 6 kwenye kila kompyuta nyingine ya ofisi. Ile karatasi yenye majina, anwani na jina la akaunti mpe mwenye ofisi aifungie kwenye droo moja na kitabu cha hundi. Nenosiri lenyewe mwandikie kwenye bahasha yake peke yake.